Usiku Ndio Muda Wangu Peke Yangu

Wadogo zangu, wiki hii nimeziweka kando barua za wachumba na mawifi ili nijibu barua moja tu, kwa sababu kila nikiirudia naona ingeweza kuandikwa na nusu yenu. Aliyeiandika ni mama wa watoto wawili, yuko Dar es Salaam, ana duka dogo la nguo za watoto, na mumewe ni dereva wa basi. Anasema analala saa nane usiku, siku nyingine saa tisa, simu ikiwa mkononi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ameshaamka, anamwandaa mkubwa kwa ajili ya gari la shule. Mchana kutwa kichwa kinamgonga. Anawafokea watoto kwa mambo ambayo zamani angeyacheka. Juzi alipima presha kwenye duka la dawa na namba alizoonyeshwa zikamtia hofu. Programu za video amezifuta kwenye simu zaidi ya mara moja, na kila mara amezirudisha. Kisha akamalizia: "Dada, tafadhali usiniambie niache simu. Usiku ndio muda wangu peke yangu."

Sikwambii uache simu, mdogo wangu. Tuanzie hapohapo ulipomalizia, maana mengine yote uliyoyaandika yanatoka katika maneno hayo.

Hebu itazame siku yako. Tangu unafungua macho, wewe ni wa watu. Mtoto anataka chai, mwingine kapoteza soksi, mteja anataka apunguziwe bei halafu anaondoka bila kununua, mama mkwe anapiga kuuliza ya nyumbani, katibu wa kikoba anakumbusha marejesho. Jioni unarudi jikoni, kisha madaftari ya shule, kisha kuogesha, kisha sare za kesho. Inafika saa nne na nusu usiku, nyumba inanyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri hakuna anayekuita jina. Unajilaza, unashika simu, unamwona mtu anachekesha, nawe unacheka. Mwili unalegea. Sasa nani atakubali kuikatisha raha ya kwanza ya siku kwa hiari yake? Akilala, kitakachofuata ni alfajiri na kazi zilezile. Basi unaivuta saa moja, halafu nyingine.

Hauko peke yako katika hili. Vijana wa miji ya China wanaofanya kazi tangu asubuhi mpaka usiku wamekuwa wakilizungumza sana miaka ya karibuni: wanajua watachoka kesho, na bado wanakesha makusudi ili wapate saa mbili za maisha ambazo hakuna bosi aliyezigusa. Kwa hiyo anayekwambia huna nidhamu, mwache. Mtu anayeendesha duka na nyumba kwa wakati mmoja ana nidhamu ya kutosha. Shida yako inaanza mchana, kwenye siku isiyo na nafasi yako hata ya robo saa. Simu imekuja baadaye, ikaikuta nafasi hiyo wazi usiku, ikaingia.

Lakini ujue pia kwamba ilipoingia, haikuingia kwa bahati. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho: unasoma, unafika chini, unabonyeza ili upelekwe ukurasa wa pili. Pale chini palikuwa na nafasi ya kujiuliza kama bado unataka kuendelea. Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, akabuni namna ya kuufanya ukurasa uendelee kujileta wenyewe kadiri kidole kinavyoteleza. Baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia matokeo yake. Na mwaka 2017, Reed Hastings, aliyekuwa akiiongoza kampuni ya filamu ya Netflix, alieleza bila kuficha kwamba wanashindana na usingizi wa watazamaji. Fikiria upande wa pili wa kioo kile: wapo watu wenye elimu kubwa na mishahara mikubwa ambao kazi yao ni kuhakikisha kidole chako hakisimami. Wewe umechoka, wao wako kazini. Kushindwa kwako kuifuta ile programu moja kwa moja kusikufanye ujione dhaifu.

Hapa kwetu kuna jambo jingine, nalo linaniuma zaidi kuliko hayo ya Marekani. Ni bando la usiku. Usiku wa manane mitambo ya kampuni za simu inakuwa na nafasi kubwa isiyotumika, kwa hiyo wanaiuza kwa bei ya chini mpaka alfajiri. Kibiashara inaeleweka. Lakini ona inavyofika kwa mtu. Mwenye kipato kizuri ana waifai nyumbani, anatazama tamthilia yake saa kumi na mbili jioni miguu ikiwa juu ya kochi. Wewe unayehesabu shilingi ya bando, tamthilia hiyohiyo unauziwa kwa sharti la kukesha. Usingizi wako umekuwa sehemu ya bei. Nawaona wanafunzi wa vyuo, wauza mitumba, mafundi, wote wanaweka alamu ya saa sita usiku ili wapakue na kutazama, kisha tunawaita wavivu wanaposinzia kwenye daladala asubuhi.

Sasa tuje kwenye mwili wako, kwa sababu ile presha si ya kuachwa ipite.

Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, inayouambia mwili kwamba usiku umefika. Mwanga unaoingia machoni huizuia, na mwanga wa skrini una rangi ya buluu ambayo huizuia vizuri zaidi. Hili huenda umeshalisikia, na pengine umeshauziwa miwani maalumu kwenye mtandao. Weka pesa yako. Watafiti wa Boston waliwachukua watu 12, wakawasomesha kwa saa nne kabla ya kulala, baadhi ya siku kwenye tableti yenye mwanga mkali, siku nyingine kwenye kitabu cha karatasi. Matokeo yao yalitoka mwishoni mwa mwaka 2014. Kwenye tableti walichelewa kupata usingizi kwa takriban dakika 10. Dakika 10 ni kitu, ila hazikufikishi saa nane usiku. Kwa maoni yangu kinachokukesha zaidi ni kile kilichomo ndani ya skrini: ugomvi wa watu usiowajua, picha za ajali, sehemu ya tamthilia inayokatika mtu akiwa ameshika bastola, ujumbe wa mdai kwenye kundi la kikoba. Moyo unadunda kana kwamba uko barabarani, na wewe umejifunika shuka.

Mtu mwenye afya akilala, presha yake hushuka kwa takriban asilimia 10 hadi 20. Ndiyo mapumziko ya moyo na mishipa. Watu wazima tunashauriwa kulala angalau saa 7. Wewe, kwa hesabu ya barua yako, unalala tatu na nusu. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, Karine Spiegel na Eve Van Cauter waliwalaza vijana 11 wenye afya njema saa 4 tu kwa usiku 6 mfululizo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999: miili yao ilishindwa kuiondoa sukari kwenye damu kwa kasi ya kawaida. Vijana wazima, chini ya wiki moja! Miaka mitano baadaye timu hiyohiyo ikaonyesha kwamba baada ya usiku miwili tu wa saa nne nne, homoni ya njaa hupanda na ile ya kushiba hushuka, na mtu hutamani hasa vitu vitamu na vya wanga. Kwa hiyo unapojikuta saa nne asubuhi umeagiza chipsi na soda baridi, na baada ya saa moja unataka tena, usijitukane kwamba una tamaa. Ni mwili unaotafuta nguvu ambazo usiku haukupewa. Wale vijana wa Chicago walikuwa na nusu saa zaidi yako kila usiku, nao waliruhusiwa kurudi kulala jaribio lilipokwisha.

Presha yenyewe naomba ukaipime upya kituo cha afya, kwa utulivu. Kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, usiwe umetoka kupanda ngazi wala kunywa kahawa. Rudia siku nyingine. Namba zikiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, mwone daktari, na umweleze saa unazolala, maana asipoambiwa hawezi kujua. Dawa ya presha ya jirani usiiguse.

Macho kuwasha na shingo kukaza, ambayo nayo huja na simu, sitayasemea sana. Tukitazama skrini tunapepesa kope mara chache, jicho linakauka. Kila baada ya dakika 20 inua uso utazame kitu kilicho mbali, mita sita hivi, kwa sekunde 20. Na yule mdogo anayepewa simu ili anyamaze ukiwa unahudumia wateja: Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya miaka miwili asitazamishwe skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Najua dukani hakuna msaidizi. Fanya unachoweza, kipaumbele cha kwanza kiwe usingizi wako, maana mama aliyelala ana subira ya kumchezesha mtoto hata kwa vifuniko vya soda.

Kuna wasomaji watakaosema kwamba tatizo ni usasa, wazee wetu walilala na kuku. Hapana. Mwaka 2015 watafiti walichapisha habari za jamii tatu zinazoishi bila umeme: Wahadzabe wa hapa kwetu Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Ilionekana watu hawa huanza kulala, kwa wastani, jua likiwa limezama zaidi ya saa tatu zilizopita. Kwa Wahadzabe wa bonde la Eyasi hiyo ni kama saa nne kasoro usiku. Kumbe kati ya magharibi na kulala wana jioni nzima mbele yao, na hawaikatishi kwa kulala mapema. Nimelileta hili kwako, mdogo wangu, ili usione aibu kwa kutaka muda wa kukaa tu, bila kazi, ukiwa macho. Binadamu ameishi hivyo tangu zamani. Wewe jioni yako imechukuliwa na sufuria na sare za shule, ikasukumwa mpaka usiku wa manane. Inabidi tuirudishe mahali pake.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa simu, tafuta saa moja ya mchana iwe yako. Umeandika kwamba kuanzia saa nane mpaka saa kumi wateja huwa wachache. Hapo. Mdogo akisinzia, weka kiti nyuma ya pazia, vaa spika za masikioni, tazama tamthilia yako sehemu moja. Ndiyo, tamthilia, saa tisa mchana, dukani. Nunua bando dogo la mchana kwa kazi hiyo. Litakugharimu zaidi ya lile la usiku, lakini linganisha na panadol unazonunua kila wiki. Majirani watasema umekaa tu, waache waseme. Siku nyingine usitazame chochote, suka nywele, piga soga na rafiki uso kwa uso. Kinachotakiwa ni kwamba ikifika saa nne usiku usiwe mtu mwenye kiu.

Kisha punguza mzigo wa jioni kwa kitu kimoja tu cha kuanzia. Mkubwa anayesoma darasa la tatu anaweza kupanga sare na begi lake mwenyewe, na kuosha vikombe. Akikosea mwelekeze, usimnyang'anye kazi.

Usiku ukifika, zima data, usizime simu. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi huniambia, "Dada, nikizima simu na mama akizidiwa kijijini je?" Data ikizimwa, simu bado inaita. Video haziji, makundi hayalii, ila dharura inakufikia. Na ipo dharura inayohitaji simu usiku kweli: wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wana mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambapo unapiga 115 bure na unatafutiwa gari la wagonjwa, au dereva wa jirani aliyesajiliwa pale ambapo gari hilo halipo karibu. Simu ya aina hiyo ikae na chaji na salio, iwe ndani ya nyumba. Isipokuwa tu isikae chini ya mto.

Mwenye sebule, simu ilale sebuleni. Ninyi mnaoishi chumba kimoja, na najua ni wengi, iwekeni juu ya kabati, kwenye chaji, mahali ambapo lazima usimame uifikie. Kile kitendo cha kusimama ndicho mwisho wa ukurasa tulionyang'anywa. Ya kuamshia, nunua saa ndogo ya mezani yenye alamu. Kariakoo zimejaa na bei yake haiumi. Usiseme utatumia alamu ya simu, kwa sababu utaishika ili uitege, na ukishaishika tunarudi tulikotoka.

Wateja wanaoandika usiku kuulizia saizi wawekee ujumbe wa kujibu wenyewe. WhatsApp ya biashara inao. Andika kwamba baada ya saa tatu usiku utajibu asubuhi. Anayetaka gauni la mtoto kwa dhati atasubiri jua lichomoze.

Usijaribu kutoka saa nane mpaka saa nne kwa usiku mmoja, utalala ukitazama dari na kesho yake utaniona mwongo. Sogeza kwa robo saa, ukae hapo siku tatu nne, usogeze tena. Saa ya kuamka isibadilike hata Jumapili, na ukishaamka toka nje, mwanga wa asubuhi ukuguse usoni. Ndio unaoirekebisha saa ya mwili. Ukifikia kulala saa nne na nusu kila siku, utakuwa umepata saa saba zako.

Wapo kati yenu wanaosoma hapa wakijua kwamba wao hawakeshi kwa burudani. Wanakesha kwa sababu ya mikopo ya mtandaoni, wanasubiri ujumbe wa vitisho, au wanafungua programu ya pili ili walipe ya kwanza. Kwenu nasema tofauti: deni lile liandikeni lote kwenye karatasi mchana, mbele ya mtu mmoja mnayemwamini, na muulize kama aliyewakopesha ana leseni ya Benki Kuu. Msikae nalo peke yenu gizani. Nitawaandikia makala yenu.

Na kama umezima data, umepanga mchana wako, na bado usingizi hauji usiku tatu au zaidi kwa wiki, miezi mitatu inakatika, nenda hospitali. Vilevile kama unaambiwa unakoroma mpaka pumzi inakatika, au kama umejifungua karibuni na kila kitu kinakuliza. Hayo yana matibabu, na simu haihusiki nayo peke yake.

Limebaki suala la mumeo. Umeandika kwamba unaogopa kumwomba msaada kwa sababu naye anarudi amechoka. Usimwendee na malalamiko ya miaka yote kwa mkupuo. Mwambie jambo moja, mchana, mkiwa mmeshiba: "Baba nanii, nalala saa tatu na nusu kwa siku na presha imepanda. Nahitaji saa moja jioni ambayo watoto ni wako." Mwonyeshe namba za kipimo. Kisha mwambie la pili, ambalo ni lake: yeye anabeba abiria, na mwanga wa simu yako na kicheko chako pembeni yake saa saba usiku vinaugusa usingizi wa mtu anayeshika usukani alfajiri. Atasikia. Watu wa barabarani wanajua usingizi unafanya nini.

Na wewe shemeji yangu, kama umeisoma kona hii kabla yake, usimsubiri aseme. Jumapili ambayo huna safari, baada ya chakula cha mchana, chukua watoto wote wawili uwapeleke kwa bibi yao au ufukweni, mrudi magharibi. Mfuko wa nguo na chakula cha mdogo upange wewe mwenyewe kabla hamjatoka mlangoni, ili usilazimike kumpigia mama yao kumuuliza chochote.